Namna ya Kuwa Afisa wa Nyambizi ya Nyuklia Bila Kutoka Jasho

Umeiona picha na imekukaa: sare nyeupe, kofia, na kifuani beji ya dhahabu yenye pomboo wawili wakiilinda nyambizi. Hapo hapo ukajiona umeivaa wewe, shangazi zako wakigombea kupiga picha nawe. Hakuna aibu. Watu wameingia kwenye ndoa kwa sababu hafifu kuliko hiyo. Nitakupitisha njia za mkato za Jeshi la Wanamaji la Marekani, mlango kwa mlango. Soma kimya kimya, na usimwonyeshe baba.

1. Kagua pasipoti

Marekani haimkabidhi kinu cha nyuklia mtu asiye raia wake. Kama unasoma haya ukiwa Morogoro na pasipoti ya Tanzania, hongera: umeshafeli, na hujatumia hata nauli. Kama ulizaliwa Houston au Minneapolis na nyumbani mnakula ugali, endelea. Tena una faida moja kubwa. Kwenye harusi za jamaa ukiulizwa unasomea nini, jibu "nyuklia", kisha nyamaza. Hakuna mjomba mwenye swali la pili.

2. Pamba alama

Wanataka uwe umesoma kalkulasi mwaka mzima na fizikia mwaka mzima. Mtafute mhadhiri mwenye huruma, yule anayetunga mtihani ule ule kila mwaka. Pata desa la mwaka jana, kariri, andika, sahau. A ikishaingia kwenye cheti haisemi imefikaje. Na raha yenyewe ni hii: ukikubaliwa kwenye programu ungali chuoni, jeshi huanza kukulipa mshahara kabla hujahitimu. Nunua viatu vizuri vya kwendea usaili Washington.

3. Ingia kwenye usaili kwa mbwembwe

Hapa kuna mzee wa kumjua. Admirali Hyman Rickover ndiye aliyesimamia kuzaliwa kwa nyambizi ya kwanza ya nyuklia, USS Nautilus, iliyoanza safari kwa nguvu hizo Januari 1955. Hadi alipostaafishwa mwaka 1982, maafisa walioomba kuingia kwenye programu yake aliwasaili mwenyewe. Ofisini alikuwa na kiti cha wasailiwa kilichokatwa miguu ya mbele ikawa mifupi kuliko ya nyuma. Unakaa, unateleza. Unajivuta nyuma, unateleza tena, na muda wote huo unaeleza jinsi ulivyo mtu imara. Waliomkera walifungiwa kwenye chumba cha mifagio wakatafakari.

Mwaka 1952 aliingia luteni kijana, Jimmy Carter. Alipoulizwa alikuwa wa ngapi chuoni, alijibu kifua mbele: wa 59 kati ya 820. Akasubiri pongezi. Mzee akamuuliza kama alijitahidi kwa uwezo wake wote. Carter alitaka kusema ndiyo, akasita, akakiri kwamba hapana, si kila mara. Akaulizwa kwa nini, na hilo hakulipatia jibu. Alichukuliwa, na mwaka 1977 akawa rais wa Marekani.

Usimfuate. Wewe sema umejitahidi tangu chekechea. Kabla hujamwona admirali wa sasa, wahandisi watakupa kalamu na kukutaka utatue swali huku ukieleza kila mstari. Ukikwama, kohoa. Omba maji. Zungumzia uzalendo. Desa limebaki chuoni, lakini kukohoa umekuja nako.

4. Tega shuleni

Tuseme wamepitiwa, wamekuchukua. Utapelekwa Goose Creek, karibu na Charleston, South Carolina, kwa miezi kama sita ya hisabati, kemia, umeme, mambo ya joto na fizikia ya kinu. Alama ya juu ni 4.0, ya kupona ni 2.5. Chini ya hapo unaanza kunusa disko.

Hapa nakupa pole, maana masomo yenyewe ni siri ya serikali na daftari halitoki jengoni. Huwezi kulipiga picha ukalirusha kwenye kundi la WhatsApp. Huwezi kumlipa mtu akufanyie kazi za nyumbani, kwa kuwa kazi hazifiki nyumbani. Wanaotaka kusoma usiku hubaki mle mle, na wewe unayetaka kukwepa utabaki nao, ukitafuta upenyo. Usikate tamaa. Ukikaa na daftari muda mrefu, hata kwa nia mbaya, kuna vitu vitakuingia.

5. Ibeni kwa ushirika

Kinachofuata ni miezi mingine kama sita kwenye kinu halisi cha mafunzo, ama Ballston Spa, New York, ama Charleston, ambako vinu vimo ndani ya nyambizi kongwe zilizofungwa gatini. Hapo Charleston tunao watangulizi. Mwaka 2014 ilifichuka kwamba mabaharia waliokuwa wakifundisha wenzao walikuwa wakipeana majibu ya mtihani wao wa kufuzu, na mchezo huo ulikuwa umedumu miaka isiyopungua saba. Miaka saba! Vikundi vingapi vya kukopeshana unavyovijua vimefika huko? Mabaharia wasiopungua 34 walitimuliwa.

Chukua funzo la kiufundi. Hawakukamatwa na kamera wala mbwa wa kunusa. Alipewa mmoja majibu, akakataa, akaenda kuripoti. Kwa hiyo kabla hujamshirikisha mtu, hakikisha hana dhamiri. Shida ni kwamba wenye dhamiri hawajitambulishi.

6. Nunua sahihi

Ukishapita shule ya nyambizi ya Groton, Connecticut, unapanda chombo chenyewe. Ile beji hupewi kwa kufika. Unakabidhiwa kadi yenye orodha ndefu: umeme, hewa, maji, torpido, kinu, na mbele ya kila kipengele nafasi ya sahihi. Wa kutia sahihi ni anayekijua kipengele hicho, mara nyingi baharia wa cheo cha chini yako. Anakupa kalamu.

"Afande, nichoree mfumo wa hidroliki."

Unachora mstari, unaupamba kwa mshale.

"Vali hii ikikwama?"

"Nitaagiza irekebishwe."

"Na nani, afande?"

Kadi inarudi mfukoni mwako tupu. Karibu tena kesho.

Mpaka umalize, na inaweza kukuchukua mwaka, wenzako watakuhesabu mzigo, mtu anayekula chakula chao na kuvuta oksijeni iliyotengenezwa humo humo kwa kuyapasua maji kwa umeme. Utalala na maafisa wenzako wawili kwenye chumba chenye ukubwa wa kabati. Mtandao wa kujipostia hakuna.

Basi unaingiza mkono mfukoni, kama ulivyozoea kuona wakubwa wakifanya. Ole wako. Baharia yule analala mita chache kutoka kwenye vali hiyo. Ukiikosea, mnakwenda wote, na wengine zaidi ya mia. Mpe dola, mpe simu mpya, atakucheka. Si malaika, ila hesabu anaijua.

Na hesabu hiyo ililipiwa. Tarehe 10 Aprili 1963 USS Thresher ilizama Atlantiki na watu wake wote 129. Uchunguzi ulielekea kwenye bomba lililoruhusu maji kuingia, na kwenye mfumo wa hewa ya kuinua chombo ulioziba kwa barafu. Tangu hapo Jeshi la Wanamaji linataka kila kiungo kinachoizuia bahari isiingie kiwe na karatasi yake, na karatasi iwe na jina la mtu. Jina hilo ndilo unalotaka kulinunua kwa simu.

7. Chagua pa kufelia

Sasa ramani yote unayo, na ushauri wangu wa kitaalamu ni mmoja: feli mapema. Kufeli kwenye pasipoti ni bure. Kufeli Washington kunakugharimu viatu. Kufeli Goose Creek kunakugharimu miezi kadhaa na maneno ya shangazi. Kufeli chini ya bahari, mlango umeshafungwa, hulipi peke yako.

Kipaji chako hakitapotea. Nchi kavu zipo ofisi tele ambako anayepitisha ramani ya ghorofa hataishi humo, na anayekagua breki za basi ana gari lake. Omba kazi huko. Sahihi ina bei inayojulikana, na mwenye kuitia hurudi kwake saa kumi jioni, ghorofa lisimame au lisisimame.