Sifa za Nati Namba 14

Mkoa wa Kagera haujawahi kukosa watu wa kusifia. Wahaya wana nanga yao, na tendi za mashujaa zinazoimbwa kwa nanga hiyo ndizo alizoziandikia tasnifu Profesa Mugyabuso Mulokozi. Wafugaji wa huku mpakani humsifu ng'ombe kwa pembe, kwa rangi na kwa mwendo, hadi mgeni aanze kuona haya kwa kuwa hana hata ndama. Senene wamesifiwa, ndizi zimesifiwa, hata asali ya porini ina watu wake. Lakini kuanzia Rusumo mpaka Nyakanazi sijamsikia mtu akiisifu nati namba 14 iliyoshika kutu chini ya filta ya petroli. Nimeiinamia sana nati hiyo, nimeitolea jasho na maneno ambayo mama mkwe asingependa kuyasikia, kwa hiyo nadhani haki ya kuanza ninayo.

Kwa ambaye hajabahatika kuonana nayo: katika Toyota nyingi za miaka ya 1990 filta ya mafuta hukaa ndani ya boneti, imebanwa kule nyuma ambako mkono unaingia lakini spana haizunguki. Juu yake kuna bolti namba 17 yenye washa mbili za shaba. Hiyo ni bolti ya kawaida, ukiishika vizuri inatoka, wala hatuna cha kuisifu. Chini ndiko anakokaa mheshimiwa. Ameshikilia paipu ya chuma inayoleta petroli kutoka kwenye tangi, na hajaonana na mtu tangu alipokalishwa pale.

Kwanza, ana nasaba. Magari yetu mengi yametumika Japani kabla ya kupanda meli, na kule kaskazini, Hokkaido, theluji ikianguka barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi ile hurukia vyuma vya chini vya gari ikatulia humo. Halafu zinakuja wiki kadhaa za upepo wa bahari, halafu bandari ya Dar es Salaam, halafu zaidi ya kilomita 1,200 za kuja huku, na mwisho vumbi jekundu la Ngara na masika yake. Kwa hiyo kutu iliyonishinda pale Benaco, inapochepuka barabara ya kwenda Ngara mjini, huenda ilianza kwenye theluji ambayo Mhangaza wa kawaida wa huku Ngara hajawahi kuikanyaga. Ni kutu iliyotembea kuliko mimi.

Lakini sifa yake kuu, ambayo nikiipita juu juu nitakuwa nimeidhulumu, ni kipaji cha kuitisha mikutano. Sheria ya nchi inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe. Mtendaji anabandika tangazo, mbiu inapigwa, viti vinaazimwa kanisani, na saa nne ya asubuhi wamefika mwenyekiti, mbuzi wawili na mzee mmoja aliyedhani ni msiba. Akidi haikutimia. Sasa fungua boneti pale Benaco, toa spana, kunja uso mara moja. Hukupiga mbiu, hukuahidi posho, hukunywesha mtu soda. Akidi imetimia na ya ziada imesimama nyuma ikichungulia begani.

Na mkutano wenyewe una mpangilio. Mwenyekiti ni fundi wa gereji bubu, kwa sababu spana ni zake. Utingo wa lori la Kigali anatoa hoja ya mafuta ya taa. Hoja inaungwa mkono na bodaboda, ambaye hana gari. Mzee mmoja anayesema aliendesha malori ya chakula cha wakimbizi hapa hapa Benaco mwaka 1994 anapinga: dawa ni mafuta ya breki, mafuta ya taa ni ya taa. Wengine wanataka imwagiwe soda. Mama muuza ndizi za kuchoma, ambaye ameshaona nati nyingi, anasema tungeileta asubuhi injini ikiwa haijapata moto. Hapo kijana mmoja wa nyuma akapandisha sauti:

“Ipasheni moto tu, chuma kinatanuka!”

“Dogo,” fundi akamjibu bila kuinua kichwa, “hii ni petroli. Ukitaka kwenda mbinguni leo, nenda peke yako.”

Hoja ikafa bila kupigiwa kura. Niambieni ni baraza gani la madiwani linaloua hoja mbovu upesi namna hiyo. Niongeze kwamba mihtasari haikuandikwa, kwa hiyo hakuna aliyekuja kuibadilisha baadaye.

Fadhila nyingine nazitaja tu ili zisinung'unike. Nati hii inapunguza kitambi. Inarudisha watu kwenye sala, wa dini zote mbili. Inamwepusha mtu na safari zisizo za lazima, hasa za harusi. Haiibiwi: vibaka wamechomoa vioo, betri na taa, lakini sijasikia aliyefanikiwa kuondoka na filta. Na imetufanya tusahau hofu za zamani. Watu wa Biharamulo wanaikumbuka miaka ile mabasi yakipita pori la Kasindaga kwa kusindikizwa na askari wenye bunduki. Siku hizi gari likizima njiani, jambazi humwazi kabisa. Unawaza namba 14.

Nilikuwa naendelea vizuri na sifa zangu mpaka paipu ilipoanza kujisokota. Hiki ndicho kitu cha kuangalia, na afadhali nikiseme bila utani. Filta inashikiliwa kwa spana moja, nati inafunguliwa kwa nyingine, mikono inapingana. Ukitumia spana moja tu, nati iliyoganda inazunguka pamoja na paipu, na paipu yenyewe ni nyembamba kama kidole cha mwisho. Niliona rangi yake inapasuka, mistari midogo ya mshazari, na chuma kipya kinang'aa chini yake. Ikikatika hapo, shida si filta tena. Ni paipu nzima, ambayo Ngara mjini haipo, Biharamulo haipo, labda Kahama, labda Mwanza, na dukani watakuuliza namba ya chesisi kisha watakwambia urudi Jumatatu.

Sasa nani aliikaza hivi? Kitabu cha Toyota kinaitaka bolti ile ya juu ikazwe kwa nyutonimita 30 hivi. Hiyo ni spana fupi na mkono mmoja wa mtu aliyekunywa chai bila kitafunwa. Aliyepita kabla yetu alichomeka bomba kwenye spana akailalia, juu na chini. Alama za meno ya vaisigripu zilikuwepo kwenye kona za nati, zimeshaliwa. Namjua mtu huyu ingawa sijawahi kumwona. Amepiga hesabu zake sawasawa: nati ikivuja, lawama ni zake, na mwenye gari atarudi kesho yake. Ikigoma kufunguka, atahangaika mwingine, miaka mingine, wilaya nyingine. Kwa hiyo kukaza hakuna hasara kwa mkazaji.

Nikimfikiria huyo naona ana ndugu wengi, na si wote wanaovaa ovaroli.

Nati ilipotoka hatimaye (ililazwa na mafuta ya taa usiku kucha, asubuhi ikashikwa na ringi iliyokatwa mdomo ili ipite kwenye paipu, ambayo fundi aliiazima kwa mwenzake wa breki), tuliigeuza filta tuliyoitoa juu ya kopo la maji lililokatwa. Yalitoka maji kwanza. Petroli iliyofuata ilikuwa ya rangi ya chai ya rangi, na chini pakatulia tope laini jekundu ambalo ungeweza kulitumia kukandika ukuta. Filta ile haikuwa ya zamani.

Nikauliza petroli yetu inapimwaje, maana EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza mpango wa kutia vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na kweli ulibana wale waliokuwa wakichanganya mafuta ya taa au wakiuza humu nchini shehena za kwenda nje. Kinasaba kinajua kama lita hii imelipiwa kodi. Maji ya chini ya tangi la kituo na mchanga wa dumu ni kazi ya macho ya mtu mwingine, na kinasaba kikiwa safi ni rahisi macho hayo yakalala. Bei kikomo ya EWURA ya kila mwezi inatutaja kwa jina, Ngara na Biharamulo, na inakuwa juu kuliko ya Dar es Salaam kwa sababu tunayalipia mafuta nauli ya kuja huku. Tope linapanda bure.

Na ndani ya tangi la gari tope hutulia chini, halina ugomvi na mtu, mpaka litikiswe. Linatikiswa na nini? Kilomita 92 za Lusahunga hadi Rusumo zilivyochakazwa na malori kwa miaka mingi, mnazijua. Barabara ya Murugarama, Rulenge hadi Nyakahura, inayoziunga wilaya zetu hizi mbili, imetajwa bungeni miaka nenda rudi. Barabara tunazilipia kwenye hiyo hiyo lita. Mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa, tukashangilia, na ushuru wa shilingi 40 ukaongezwa kwa kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Mwaka 2021 zikaongezwa shilingi 100 kwa petroli na dizeli, kwa ajili ya barabara za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Kila bajeti robo mzunguko. Kwa hiyo nalipa lita ili pasiwe na shimo, shimo lipo, shimo linavuruga tope, tope linaziba filta, filta inanirudisha kwa mheshimiwa namba 14. Hata mafuta ya taa niliyomdondoshea usiku ule yalikuwa yamekwisha kulipa ushuru wake.

Filta mpya ilikuja na washa zake za shaba. Fundi aliianzisha nati kwa vidole, taratibu, kama inavyotakiwa, ikaingia bila kupanda uzi. Akashika spana, akazungusha, akasimama mahali hasa ambapo kitabu kingesimama. Nikamshukuru moyoni. Kisha akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

“Dogo, nipe lile bomba.”

“Fundi, hapo inatosha.”

“Isije ikavuja ukanilaumu, mzee.”