Mashujaa wa Cape Town hadi Nairobi

Tuwavulie kofia mume na mke hawa waliothubutu kutoka Cape Town hadi Nairobi kwa barabara, hema juu ya gari, friji ya bia ikinguruma nyuma. Ujasiri ulioje! Dereva wa lori la shaba anayelala chini ya tela kwenye foleni ya Tunduma, huyo yuko kazini tu. Na mama aliyepanda TAZARA kilomita 1,860 kutoka Kapiri Mposhi hadi Dar es Salaam, mtoto mgongoni, alifuata vitenge, hakugundua chochote. Hata Livingstone aligundua maporomoko peke yake, pamoja na wapagazi wake.

Nasikia wanaandika kitabu kuhusu upweke wa nyikani. Picha ya jalada ilipigwa na mmoja wa vijana waliowasukumia gari matopeni.