Namna ya Kuiua Mashine ya Boti Nchi Kavu

Huhitaji mwamba wala dhoruba. Unahitaji stendi ya mbao, petroli iliyochanganywa na oili, na mtu wa kusema, "Hebu washa tuisikie kidogo." Mashine ya kufunga nyuma ya boti huuawa kwa urahisi kabisa ikiwa mbali na maji. Nazieleza hatua zote ili uzitambue siku mtu atakapozianza mbele yako.

Anza na biashara ya mashine iliyotumika. Muuzaji anataka kuonyesha kwamba inawaka kwa kuvuta kamba mara moja, mnunuzi anataka kusikia mlio, na pipa la maji liko mbali. Fundi anavuta, mashine inaitika, nyuso zinakunjuka. Hapo kazi imeshaanza.

Kisha isahau pampu. Chini, juu kidogo ya gia, kuna impela: kigurudumu cha mpira chenye mabawa, kimebanwa ndani ya kikombe chake. Shafti inayopeleka nguvu kwenye propela ndiyo inayokizungusha, kwa hiyo hakipumziki hata ukiiacha mashine nyutro. Kazi yake ni kunyonya maji kupitia matundu ya mguuni na kuyapandisha hadi kwenye silinda. Maji hayohayo ndiyo kilainishi chake. Yakikosekana, mpira unasuguana mkavu na ukuta wa kikombe, unapata moto upesi mno, ncha za mabawa zinaungua na kuanza kukatika. Anayesema "sekunde chache hazidhuru" anafikiria pistoni. Impela haina subira hiyo.

Ukitaka kuimaliza kabisa, ongeza mafuta. Petroli inapowaka ndani ya silinda, joto la gesi hupanda kwa kitambo kifupi sana hadi nyuzi 2,000 hivi za selsiasi. Pistoni imetengenezwa kwa aluminiamu, na aluminiamu safi huyeyuka kwa nyuzi 660. Inasalimika kwa sababu joto hilo huondolewa mfululizo na maji yanayozunguka silinda, na kwa sababu ya utando mwembamba wa oili. Ondoa maji, pistoni inavimba mpaka nafasi yake inakwisha, oili inashindwa kazi, pistoni inakwaruza ukuta wa silinda na mwisho inakwama. Imenoki. Propela nayo, ikiwa hewani, haina mzigo, hivyo ukizungusha akseleta mizunguko inaruka juu bila kizuizi. Na moshi, ambao kwa kawaida hupoozwa na maji unaposhuka ndani ya mguu, sasa unashuka na moto wake wote, ukichoma sili na vipande vya plastiki vilivyo njiani.

Ikianza kunuka mpira, imwagie ndoo ya maji baridi. Kichwa cha silinda kilichopata moto mkali kikipoozwa ghafla upande mmoja kinaweza kupinda au kupasuka, na gasketi haitaziba tena.

Lakini njia mbaya kuliko zote ni ile isiyoacha dalili. Washa kwa muda mfupi, zima, hesabianeni pesa. Impela imepoteza bawa moja au mawili. Mwendo wa taratibu mabawa yaliyobaki yanatosha: mashine itakojoa maji yake nyuma kama kawaida, na mnunuzi ataondoka ameridhika. Upungufu utajitokeza atakapofungulia mafuta yote, boti ikiwa na watu na mizigo, tuseme baharini kati ya Nyamisati, bara, na Kilindoni, kisiwani Mafia. Mashine inachemsha, inakata, na mkondo wa pwani yetu unaelekea kaskazini mwaka mzima, msimu wa kusi ukienda kasi zaidi. Abiria hao hawakuwepo pale kwenye stendi. Hakuna aliyewauliza kama wangependa mashine isikilizwe kavu. Hilo ndilo linalonikera, maana kilichokosekana ni pipa moja la maji.

Basi litafute pipa. Uutumbukize mguu mpaka maji yafunike matundu ya kunyonyea, yapite na lile bamba lililo juu ya propela, ndipo uvute kamba. Yakipungua, ongeza. Kama una vikombe vya mpira vya kubana matundu hayo, unganisha mpira wa bomba, fungua maji kwanza, uwashe baadaye, na uiache katika mwendo wa chini. Propela ikiweza kutolewa, itoe. Tazama maji yanayotoka nyuma: yasipoonekana mara moja, zima, hata kama mnunuzi anaguna. Mashine iliyotoka baharini ipewe maji yasiyo na chumvi kwa njia hiyohiyo, kwani chumvi ikikauka kwenye mapito hayo huyaziba.

Na kama ilishawashwa kavu, usibishane na fundi kuhusu muda. Mwambie afungue pampu aitoe impela. Mpira uliong'aa, uliopasuka au uliokakamaa ubadilishwe. Mabawa yahesabiwe moja moja, na likipungua hata kipande, kitafutwe kabla pampu haijafungwa: huenda kimeshapanda na maji, na sasa kimekaa kwenye mapito membamba ya juu, ambako kitaizuia hata impela mpya isipooze mashine.