Matundu Sita, Rimu Nane

Eldoret ni jiji tangu Agosti 2024, lakini kwenye vibanda vyake vya vipuri rimu bado zinauzwa kwa kuhesabu matundu. Gari lako lina nati ngapi? Sita. Rimu hii ina matundu mangapi? Sita. Hapo mjadala umekwisha, kilichobaki ni kupatana bei. Kwa hesabu hiyo, mwalimu mmoja mstaafu wa Langas alijikuta na rimu nane za aloi kwa gari la magurudumu manne, na gari lenyewe bado liko juu ya mawe.

Ni Toyota HiAce, ya toleo lililoanza kutoka Japani mwaka 2004, matatu iliyostaafu kabla ya mwenyewe. Ilikuja na rimu za chuma za inchi 15 na tairi nyembamba za 195. Zilibeba abiria, magunia ya mahindi na kuku bila kulalamika, ila sura hazikuwa nayo. Mwalimu alitaka gari la familia lenye sura.

Rimu za kwanza zilivuliwa kwenye Mitsubishi Pajero. Kwa matundu, hazikuwa na ubishi: kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile linalolikabili ni milimita 139.7, sawa na za HiAce. Desimali hiyo huwatisha watu bure, kwani ni inchi tano na nusu tu. Vituko viko kwenye gari la matundu matano, maana hapo hakuna tundu linalokabiliana na jingine. Mtu hupima rimu ya inchi nne na nusu, rula ikamwonyesha nne na robo, akanunua rula nyingine.

Fundi akainua rimu, akailenga, akaisukuma. Ikagota. Tundu la katikati la rimu ya Pajero lina upana wa milimita 67, na habu ya HiAce inataka 106.

"Usijali, Mwalimu. Tunaipeleka kwa mtu wa leithi, anaipanua."

Kuipanua kwa kiasi hicho kungebakiza kama sentimita moja ya aloi kati ya habu na matundu ya bolti. Mke wa mwalimu, ambaye hajawahi kushika spana, aliuliza kama hiyo sentimita ndiyo ingebeba wajukuu wake. Rimu zikahamia stoo, karibu na mashine ya kukoboa mahindi.

Za pili zilitoka kwenye Toyota Prado, na safari hii mambo yalinyooka: matundu sita, 139.7, katikati 106, na hata bolti zina uzi ule ule. Fundi akazifunga akipiga mluzi. Gari liliposhushwa na usukani kukatwa kulia, mluzi ulikoma.

Rimu hizo zilikuja na tairi zake, 265/65 za inchi 17. Tairi ya namba hiyo ina kimo cha milimita 776 hivi, wakati ile ya zamani ya HiAce ni kama 693. Hizo ni sentimita nane za ziada, na zote zilikuwa zinakula plastiki ya ndani ya bodi. Fundi akaitisha nyundo na msumeno. Haikumshangaza mtu. Jiji hili lenyewe husimulia kwamba sefu ya benki iliwahi kuanguka kutoka kwenye gari la maksai, ikashindikana kuinuliwa, benki ikajengwa kuizunguka.

Aliyeuzuia msumeno ni binti wa mwalimu, kwa kikokotoo cha simu. Kwa tairi hizo, mshale wa spidi ukisema 80, gari linakimbia karibu 90. Na 80 ndicho kikomo cha matatu nchini, kwa hiyo gari ambalo miaka yote lilibanwa na gavana ya spidi lingekipita kikomo chake cha zamani likiwa limestaafu.

Dawa ilikuwa tairi za 215/60 za inchi 17 zenye herufi C, kimo milimita 690. Herufi hiyo si pambo, ni alama ya tairi za magari ya mizigo. Muuzaji alikuwa na za magari ya saluni zenye namba 91 ubavuni, kwa bei ya kuchekesha. Lakini 91 maana yake ni kilo 615 kwa kila tairi, ilhali HiAce ilitoka kiwandani na za 107, yaani kilo 975. Mwalimu alilipa bei isiyochekesha.

Familia ikateremka kutoka Iten kuelekea bonde la Kerio, gari linang'aa, watalii wa kukimbia wanageuka kutazama. Chini ya Tambach, tairi ikatoboka.

Spea ilikuwepo: rimu ya chuma ya inchi 15, matundu sita. Nati za aloi za Prado, hata hivyo, zina shingo ndefu na washa bapa. Rimu ya chuma inataka nati yenye ncha ya koni. Zile za koni mwalimu alikuwa amezitupia kwenye bei ya rimu za zamani. Ikabidi bodaboda apande Iten kuzitafuta, huku mwalimu akimweleza muuza duka umbo la nati kwa simu hadi salio likaisha.

Nati sita zilifika, na nauli ya mlima juu yake. Mke wake alisitisha kumenya embe, akatoa kijitabu cha matumizi na kuiandika jumla kwenye safu ya mapambo.