Mkono wa Tatu

Mwenyezi Mungu alimpa binadamu mikono miwili, na kwa shughuli nyingi inamtosha: kulima, kula, kuomba dua, hata kugombana na kondakta. Kwa kulehemu plagi haitoshi. Hesabu mwenyewe. Mkono mmoja ushike chuma cha moto. Wa pili ushike lehemu. Wa tatu ushike waya unaoungwa, ambao haujui kutulia. Wa nne ushike plagi. Hapo sijahesabu mkono wa kupokea simu ya mwalimu wa kwaya anayetaka kujua kazi imefikia wapi.

Mimi ni fundi mitambo. Jumamosi utanikuta ukumbini nyuma ya maspika, kwenye sendofu ya mtoto wa mtu. Jumapili niko kanisani na kwaya yetu. Kwaya ilipewa mashine ya kurekodi, mtumba mzuri kabisa, yenye njia 8. Maana yake soprano, alto, tena, besi, kinanda na magitaa kila kimoja kinarekodiwa peke yake, halafu mtu anakaa baadaye anavipatanisha. Vigelegele vikapigwa. Kisha tukaigeuza mashine, tukaangalia mgongoni. Hakukuwa na matundu ya zile plagi za maiki za pini 3 tulizozoea. Kulikuwa na tundu moja tu, pana, la pini 25.

Kariakoo plagi hiyo ipo, na bei yake haitishi. Kebo iliyokwisha kufungwa ndiyo haipo, au "inakuja na mzigo wa Dubai wiki ijayo", na wiki ijayo ya Kariakoo haijawahi kuonekana kwenye kalenda. Nikanunua plagi, nikanunua na kebo nene yenye nyaya nyingi tumboni, nikarudi nazo nyumbani. Njia 8, kila njia waya 3: wa moto, wa baridi na wa ngao. Hizo ni 24. Ncha ya pili, kwenye plagi za maiki, 24 nyingine. Hizi za ncha ya pili siziongelei. Plagi ya pini 3 ni kazi ya kufanya huku unasikiliza mpira redioni.

Ya pini 25 ina mambo yake. Ilitolewa na kampuni ya Cannon ya Marekani mwaka 1952, na waliofanya kazi maofisini zamani wataikumbuka kwenye kompyuta na printa. Safu moja ina pini 13, ya pili 12, na kutoka pini hadi jirani yake ni milimita 2.77. Nyuma ya kila pini kuna kikombe cha kuingizia waya. Wamekiita kikombe, lakini sisimizi akitaka kuoga humo itabidi aoge amesimama.

Halafu kuna namba. Mtu mwenye akili timamu angetegemea njia ya 1 ianzie pini ya 1. Katika mpangilio unaotumika sana kwenye mashine hizi, njia ya 1 iko kwenye pini za 24, 12 na 25. Njia ya 2 iko kwenye 10, 23 na 11. Unarudi hivyo kinyumenyume mpaka njia ya 8, ambayo ndiyo imejipatia 1, 14 na 2. Pini ya 13 haifanyi kazi yoyote. Imo kwenye orodha, ina namba yake, inang'aa kuliko wenzake, na haijawahi kubeba waya: mtumishi hewa. Nilipomweleza shemeji yangu akasema mbona ni kawaida, ofisi gani haina.

Wala msidhani wenye pini chache wana nafuu. Ile plagi ya mviringo ya kinanda, yenye pini 5, ukizisoma kwa mstari kutoka ncha hadi ncha zinakwenda 1, 4, 2, 5, 3. Mwanzo zilikuwa tatu tu. Mbili zikaja baadaye zikabanwa katikati, na waliotangulia wakagoma kubadilishiwa namba.

Juu ya yote hayo, mchoro unakuonyesha plagi kwa uso, wewe unailehemu kwa mgongo, kwa hiyo kulia kunageuka kushoto. Namba zenyewe zimechorwa kwenye plastiki kwa udogo ambao inabidi uzipige picha kwa simu kisha uikuze. Ndiyo sababu mkono wa tatu wa kwanza kuajiriwa ulikuwa wa mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari aliyekuja likizo. Ana macho, na ana simu.

Mpwa alisoma vizuri. Tabu ni kwamba simu iliyokuwa na picha ya pini ndiyo hiyo hiyo inayopokea ujumbe.

"Ishirini na moja, mjomba."

Nikaweka waya kwenye 21, nikayeyusha, nikapuliza. Kimya kikapita.

"Mjomba, samahani. Hiyo 21 ilikuwa bei ya viatu."

Akafuata shemeji mwenyewe. Huyu aliwahi kuendesha lori la masafa marefu, na kwa hiyo anajua umeme, ndoa, siasa za Zambia na tiba ya nyoka. Alikataa koleo. Alisema mwanamume anashika waya kwa vidole. Sasa, shaba ni mpitishaji hodari wa joto, na chuma changu kilikuwa kinakaribia nyuzi 350. Lehemu niliyokuwa nayo ni ile ya bati 60 na risasi 40, ambayo inaanza kuganda kwenye nyuzi kama 190 na haimalizi mpaka ifike 183. Katikati hapo si maji wala si jiwe, ni uji, na waya ukitikiswa wakati wa uji kiungo kinatoka na rangi ya majivu, chenye punjepunje, kinachoshika leo na kuachia siku ya tamasha. Shemeji yangu huachia waya kati ya nyuzi 190 na 183. Kila mara. Maabara wangemtumia kama kipimo.

"Umeniunguza, shemeji," ananiambia, huku anapuliza vidole na kunitazama kwa macho ya kwenda kunisemea kwa dada yake.

Dada yake alikuja bila kuitwa, kwa sababu ya moshi. Akasema nitaua watoto kwa risasi. Nikamweleza kwa utaratibu kwamba risasi haigeuki mvuke kwenye joto dogo kama hili. Moshi ule ni wa utomvu wa msonobari unaotiwa ndani ya waya wa lehemu ili kusafisha shaba, nao unawasha macho na kifua, kwa hiyo dirisha liwe wazi. Risasi yenyewe hatari yake ni kubaki mikononi, mtu akashika chakula bila kunawa. Nilijivunia somo lile. Sikujua kwamba linawekwa akiba.

Kipo chombo kinachouzwa kwa ajili ya shida hii, chenye vibano viwili na lenzi juu ya kigingi. Ni chepesi mno. Ukikibanisha kebo nene kinalala kifudifudi na lenzi yake. Ninachoshauri mimi ni uzito, na nyumbani mwetu chombo chenye uzito, cha kukalia, chenye ulimi wa chuma unaotokea mbele katikati ya magoti, kipo tangu tulipooana. Ni mbuzi ya kukunia nazi.

Msicheke. Kalia mbuzi. Chukua plagi jike, ifunge juu ya ulimi wa mbuzi kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, kaza mpaka isitikisike. Halafu chomeka plagi dume yako humo, vikombe vikikutazama. Jike linazibana pini zikae wima hata plastiki ikilainika kwa joto, maana bila hivyo pini huinama zenyewe taratibu, na unagundua siku ya kuchomeka. Jaza vikombe vyote lehemu kwanza, safu nzima. Waya nao uupake lehemu pembeni. Baada ya hapo kazi ni kugusa tu: chuma kwenye kikombe, lehemu ifumbue jicho, zamisha waya, ondoa chuma, hesabu polepole. Kiungo kinabaki kinang'aa kama kimelowa. Kebo inapita chini ya paja, haiendi popote. Nilimaliza safu ya chini yote bila kumwita mtu.

Nikiwa safu ya juu mama watoto akatokea na nazi mkononi.

Alisimama. Aliitazama mbuzi, akautazama mpira wa baiskeli, akatazama matone ya lehemu kwenye ulimi. Kisha akanirudishia somo langu lote, neno kwa neno, kuanzia risasi mpaka kunawa mikono, mbele ya mpwa na shemeji. Mbuzi ile sasa ni mali ya karakana. Mpya nilinunua mimi, na chakula cha siku hiyo kilikuwa chukuchuku.

Umeme ulikatika kwenye waya wa mwisho. Wasiowahi kulehemu watasema si neno, utarudi. Lakini chuma kilikuwa bado ndani ya kikombe, na kilipoa humo humo, kikagandana na waya na pini vikawa kitu kimoja, kebo upande huu, chuma upande ule, na mimi juu ya mbuzi gizani siwezi kuviachia visije vikang'oana. Mpwa alimulika kwa simu. Chaji ilikuwa asilimia 4.

Nisisahau kofia. Kila plagi ina kofia yake, na katika plagi nyingi, zile za maiki zikiwemo, kofia huvishwa kebo kabla ya kulehemu, kwa sababu baada ya hapo haipiti. Fundi anayekuambia hajawahi kulehemu pini zote, akanyoosha mgongo, akaiona kofia imekaa mezani inamtazama, mpeleke akaape. Mimi kofia zangu huzifunga kwenye kebo kwa kamba tangu dukani, na bado mpira mwembamba wa kusinyaa unaovishwa kila waya una namna zake za kutoroka.

Ilibaki kupima. Mita inawekwa kwenye mlio: ukigusa ncha mbili za waya mmoja, inalia. Hiyo ni nzuri. Ukigusa pini mbili jirani inatakiwa inyamaze, maana ikilia hapo kuna lehemu iliyomwagika ikaziunganisha. Mwanangu mdogo alikaa pembeni anasikiliza. Ana miaka minne na ana kipaji. Mpaka nafika njia ya 3 alikuwa anautoa mlio ule kwa pua, sawasawa kabisa, huku ametulia kama malaika. Ikawa haijulikani nani amelia. Alikemewa na mama yake, na mpwa, na shemeji. Kwa hiyo nilipogusa pini ya 4 na ya 17, mlio ukatoka, nyumba nzima ikamgeukia: "Acha!"

"Siyo mimi," akasema.

Tukamtoa nje.

Jumapili mashine ilichomekwa, taa zikawaka, kwaya ikaimba. Njia 7 zilikuwa safi. Njia ya 6, ya maiki ya besi, taa yake haikuwaka hata kidogo. Pini ya 4 ni waya wake wa moto na ya 17 ni wa baridi. Sauti hupita humo kwa kupishana, moja ikipanda nyingine ikishuka, na zikigusana zinafutana. Kati ya pini hizo kulikuwa na kitone cha lehemu kisichozidi mbegu ya mchicha. Mtoto alidai soda ya fidia, akapewa.

Nilikwenda kumtaka radhi mwalimu wa kwaya. Nikamkuta amevaa hedifoni, anausikiliza wimbo kwa mara ya pili, kichwa kinatikisika. Nikamweleza kwamba besi hawajaingia, wanasikika kwa mbali kupitia maiki za wenzao, na kwamba nikipata nusu saa na umeme nitafungua plagi nirekebishe.

Akavua hedifoni. Akachungulia dirishani walikokuwa besi wanakunywa chai.

"Fundi," akasema, "tumebakiza nyimbo ngapi?"

"Tisa, mwalimu."

"Basi utafungua tukishamaliza."