Foleni ya Jehanamu

Wajapani wameuita Nokogiriyama, Mlima wa Msumeno, nao umekatwa kweli. Hekalu la Nihon-ji, mkoani Chiba, lilianzishwa hapo mwaka 725. Karne nyingi baadaye wakaja wachimba mawe, wakaukata mlima vipande kama mkate wa kumimina, na Tokyo na Yokohama zikapata mawe ya kujengea.

Mgeni mpenda utulivu hupandishwa kwa kigari kinachoning'inia kwenye waya. Akishuka, haulizi alipo Buddha Mponyaji, aliyechongwa mwambani kwa urefu wa mita 31. Huyo yuko chini, na ngazi ni nyingi. Anauliza kilipo kile kijibamba cha mwamba kilichochomoza juu ya machimbo, kiitwacho Chungulia Jehanamu.

Siku za mapumziko, jehanamu ina foleni. Kila mtu na simu yake.

Njiani zimekaa sanamu zaidi ya 1,500 za wanafunzi wa Buddha. Nyingi zilikatwa vichwa enzi za Meiji, Ubuddha ulipopigwa vita. Angalau hizo zina udhuru wa kutotazama mandhari.

Uchimbaji ulikoma miaka ya 1980. Tiketi zinaendelea kuuzwa.