Domodomo wa Bafuni

Bafuni kwetu kuna pipa la bluu la kuhifadhia maji, maana mtaani kwetu hapa Mwanza maji hutoka kwa mgao, na wewe msomaji mwenye familia unajua kuwa pipa la namna hiyo lina sheria zake. Kuna zamu ya kulijaza, kuna kata ya kuchotea, na ole wake atakayeacha mfuniko wazi. Sheria zote hutungwa na mke wangu, Mama Baraka, ambaye mimi na watoto tunamwita Mkuu wa Wilaya akiwa hayupo. Jioni moja naingia kuoga, taulo begani, nakuta karatasi imebandikwa juu ya mfuniko: MSICHOTE, YUMO. Mwandiko ni wa Profesa.

Profesa ndiye Baraka mwenyewe, kifungua mimba wetu. Yuko kidato cha pili, na tangu ajue kusoma hajawahi kuuliza swali lenye jibu fupi. Siku hiyo alifuatana na mjomba wake kwenda Mwaloni, Kirumba, kumnunulia bibi yake dagaa. Mjomba huyo, yaani shemeji yangu, ni fundi redio. Tunamwita Shemeji Waya kwa sababu haingii nyumbani kwetu bila kipande cha waya mfukoni, wala hatoki bila kuacha kingine juu ya kochi. Dagaa wa bibi walisahaulika. Walichorudi nacho ni bajaji iliyojaa madumu ya maji ya ziwa, na ndoo yenye samaki hai waliyemkomboa kutoka kwenye fungu la mchanganyiko.

"Na maji yetu ya bomba yako wapi?" nikauliza.

"Tumemwaga, baba. Yana dawa. Yangemuumiza matamvua."

Nilirudisha taulo kwenye kamba. Wewe uliyelea watoto wasomi utanielewa: maji yakishamwagwa kwa ajili ya elimu, mzazi hana la kufanya ila kuomba tochi aone kilichomo.

Alikuwa domodomo, yule ambaye wataalamu humwita Mormyrus kannume. Peter Forsskål ndiye aliyempa jina hilo, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1775, baada ya kumwona kwenye mto Naili. Huyu wetu hakufika futi moja, mtoto bado, kwa kuwa mkubwa wao huweza kukaribia mita moja. Mgongo ulikuwa wa rangi ya shaba iliyofifia, tumbo jeupe kidogo, magamba madogo yaliyobanana. Kichwa ndicho kinachomfanya mtu aite wenzake waje waone. Kinarefuka mbele na kuwa pua nyembamba inayopinda kuelekea chini, na mdomo, ambao ni mdogo sana, uko kwenye ncha kabisa ya hiyo pua. Macho ni madogo na yamefunikwa na ngozi. Pezi la mgongoni linaanzia nyuma kidogo ya kichwa na kwenda hadi karibu na mkia, likiwa limeshikiliwa na vijiti laini zaidi ya 50, wakati lile la chini, nyuma ya tumbo, ni fupi tu. Halafu mwili unasinyaa ghafla, kinabaki kikonyo chembamba kama mpini wa mwiko, na baada ya hapo mkia wenyewe unafunguka pande mbili.

Hicho kikonyo ndicho chenye mambo yote yaliyotukuta. Ndani yake kuna misuli iliyoacha kazi ya misuli. Chembe zake zimekuwa bapa, zikapangana kwa safu nne, mbili kila upande, na kazi yake ni moja: kutoa umeme.

Profesa akalitamka neno hilo, umeme, kwa sauti, sebuleni, mbele ya bibi yake.

Mama mkwe wangu, ambaye watoto humwita Bibi Taarifa kwa sababu habari za redioni hazimpiti, amezaliwa na kukulia Ujiji. Ziwa Tanganyika lina kambale wa umeme wa kwake, na mtu wa kule hahitaji kusomewa kitabu kumhusu. Aliinuka, akakusanya kanga yake, akasema: "Baba Baraka, mkwe wangu, mimi bafu hilo siingii tena. Nitaoga kwa jirani hadi mumtoe huyo." Kisha akatusimulia mvuvi wa utotoni mwake aliyegusa samaki huyo ndani ya mtumbwi akaachia kasia majini, na mkono ukafa ganzi hadi wakafika ufukweni.

Bibi Taarifa hakutia chumvi. Kambale wa umeme ni kiumbe wa kuogopwa. Jamaa yake wa mto Naili, Malapterurus electricus, anaweza kutoa hadi volti 350, na hutumia nguvu hiyo kuwapooza samaki anaotaka kuwala na kumfukuza anayemsumbua. Lakini ukiwaweka yeye na domodomo kwenye sinia moja, hata mtoto hawezi kuwachanganya. Kambale yule hana magamba kabisa. Mwili wake ni mnene, wa mviringo, una madoa meusi, na mdomoni ana sharubu sita. Mgongoni hana pezi la vijiti, ana kipande kidogo tu cha nyama karibu na mkia. Na umeme wake hautoki kwenye kikonyo: kiungo chake kimetandazwa chini ya ngozi karibu mwili mzima, kimemvaa. Domodomo ana magamba, hana sharubu, na umeme wake ni hafifu kiasi kwamba mkono wa binadamu hausikii lolote.

Yote haya tulimweleza mama. Hakutaka kusikia. Hapo ndipo Shemeji Waya aliposema, "Mama, wewe hutaki kuamini maneno. Subiri, nitakusikilizisha."

Ndugu yangu, fundi redio akisema subiri, tafuta mshumaa.

Alifungua redio kaseti kuukuu iliyokaa juu ya kabati tangu enzi za posa, akatoa kikuza sauti chake na spika. Akaunganisha nyaya mbili, akazimenya ncha, akazitumbukiza ndani ya pipa, moja upande huu na nyingine upande ule. Kilichotoka ni mngurumo mzito wa umeme wa nyumba, maana umeme wa nguzo huenda na kurudi mara 50 kila sekunde na nyaya hizo zilikuwa zikiudaka kutoka ukutani. Shemeji hakubabaika. Akaenda kuleta betri ya pikipiki yake, akaunganisha kikuza sauti humo, halafu bila kumuuliza mtu akazima swichi kubwa ya nyumba nzima.

Sebuleni, Mkuu wa Wilaya alikuwa kwenye tamthilia yake, penye kipande alichokuwa amekisubiri wiki nzima, ambapo yule mama wa kambo anakaribia kuumbuliwa. Giza. Akadhani LUKU imeisha. Kwa kuwa ni mwanamke mwepesi wa maamuzi, alinunua umeme kwa simu pale pale gizani, akaenda kwenye mita kuingiza namba, akakuta uniti zimejaa tele. Friji lilikuwa limenyamaza na nyama ya Jumapili ndani yake. Nilimsikia akija kwa hatua za kanda mbili kwenye korido, na mimi nikajibana ukutani nyuma ya mlango wa bafu, mahali ambapo baba mwenye hekima hukaa saa kama hiyo.

Alipofika mlangoni spika ikasema: tk. Kimya. Tk, tk. Kimya kirefu. Tk.

"Ni nini hicho?" akauliza, na sauti ilikuwa imeshashuka.

"Ni yeye, mama," Profesa akamjibu. "Anaangalia."

Hapo naomba tukae kidogo, maana sijapata kusikia kitu cha namna hiyo ndani ya nyumba yangu. Kila tk ni mpigo mmoja wa umeme kutoka kwenye kile kikonyo. Akitulia, mipigo ni michache na haina mpangilio. Bintiye Mkuu wa Wilaya, Neema, tunayemwita Kiherehere kwa sababu zinazojulikana mtaa mzima, alisogeza kidole hadi juu ya maji bila kugusa, akakizamisha kidogo. Spika ikaharakisha: tktktktktk. Akatoa kidole, mipigo ikapungua. Akazamisha tena, ikarudi. Profesa akateremsha kijiko cha chuma kwa uzi, kisha kitana cha plastiki, akituonesha jinsi samaki anavyorudi nyuma taratibu kando ya kila kimoja, mkia ukitangulia, akikipima bila kukigusa.

Kwa maelezo yake, ambayo niliyahakiki kwa muda wangu, kila mpigo hutandaza umeme majini kumzunguka samaki. Chuma hupitisha umeme kuliko maji, plastiki huuzuia, na tofauti hiyo huonekana kwenye ngozi yake, yenye vipokezi vya aina tatu. Aina moja humjulisha kilicho karibu. Nyingine husikia mipigo ya domodomo wenzake, kwa hiyo umeme huo huo ndio mazungumzo yao. Ya tatu hudaka umeme mdogo sana unaotoka kwenye miili ya viumbe wengine. Ndiyo maana macho madogo yanamtosha. Yeye ni wa usiku. Mchana hujificha, na giza likiingia hutoka kutafuta mabuu ya wadudu kwenye tope na katikati ya mawe, na ile pua iliyopinda humfikisha kwenye nyufa ambazo samaki mwenye mdomo wa kawaida hawezi kuzifikia. Wale wadudu wanaopanda kutoka ziwani kwa mawingu hadi tunafunga madirisha, domodomo huwala wakiwa bado mabuu huko chini.

Kuchambua habari zote hizo kunahitaji akili, na ukoo huu wa domodomo unayo. Sehemu ya nyuma ya ubongo wao imekua hadi kufunika sehemu nyingine. Ndugu yao mmoja wa mto Kongo na Afrika Magharibi, Gnathonemus petersii, ambaye kinachomchomoza si pua bali kidevu, ubongo wake hutumia takriban asilimia 60 ya oksijeni yote ya mwili wake. Wa binadamu hutumia karibu asilimia 20. Na watu hawakuujua umeme wao hafifu hadi majuzi tu. Mwaka 1951 Hans Lissmann wa Cambridge alitangaza kuwa Gymnarchus niloticus, jamaa wa karibu wa ukoo huu, hutoa umeme kutoka mkiani bila kukoma.

Bibi Taarifa alikuwa amesimama kizingitini muda wote huo. Mwishoni alikunja mkono wa gauni, akauweka wote kwenye maji hadi kiwiko. Spika ikapiga mbio. Yeye hakusikia kitu mkononi. "Kumbe ananisalimia," akasema, akaomba kigoda aletewe bafuni.

Tangu hapo, mwenzangu, nyumba ilihamia bafuni. Umeme ulizimwa kila jioni. Tamthilia ilibaki bila mtazamaji na yule mama wa kambo sijui waliishia naye wapi. Mimi nilioga kwa ndoo nyuma ya nyumba. Ukazuka ugomvi wa jina: Kiherehere alimwita Juma, bibi akasisitiza ni jike, na Profesa akatamka kuwa kwa samaki wengi wa ukoo huu dume aliyekomaa hutambulikana kwa mbonyeo kwenye shina la pezi la chini, lakini mtoto hajulikani. Ugomvi huo haujaisha hadi leo.

Kulikuwa na ugomvi mwingine, wa mezani. Shemeji Waya, akiwa na kijiko mkononi, alikumbusha kuwa domodomo ana mafuta na ni mtamu akibanikwa. Profesa alimjibu kwa historia. Misri ya kale kulikuwa na mji ambao Wagiriki waliuita Oxyrhynchus, leo ni el-Bahnasa, na watu wake walimheshimu samaki wa jamii hii, wakamfua sanamu za shaba na hawakumla. Plutarch ameandika kwamba watu wa mji jirani, Cynopolis, walioheshimu mbwa, walimla samaki yule. Wa Oxyrhynchus wakalipiza kwa kukamata mbwa, wakawachinja na kuwala. Vita ikawaka, hadi Warumi wakaingilia na kuwaadhibu wote. Mkuu wa Wilaya alitazama meza nzima, akatangaza: "Nyumba hii hatutapigana vita kwa ajili ya samaki. Huyu haliwi. Na kesho anarudi kwao, pipa langu lisuguliwe." Rufaa hazikupokelewa.

Walimrudisha penye mawe, jioni, kabla giza halijaingia vizuri. Bibi Taarifa alikwenda nao. Pipa lilisuguliwa, nyama ya Jumapili ililiwa Alhamisi, na uniti za LUKU tulizonunua gizani bado tunazitumia.

Ila kuna jambo ninaloliomba kwako msomaji wa kandokando ya ziwa hili. Tangu sangara aletwe miaka ya 1950 na 1960, na alipoongezeka sana miaka ya 1980, wengi wa samaki wa asili wa hapa wamepungua, na kokoro linalokokotwa chini halichagui mkubwa na mdogo. Domodomo huuzwa kwenye fungu la mchanganyiko, hatazamwi. Mtazame. Shika ile pua, pitisha kidole kwenye pezi refu la mgongoni, kisha kwenye kile kikonyo, umwoneshe na mtoto wako. Na wewe mvuvi, ukimkuta mdogo kwenye wavu na bado anahema, mrudishe majini.